Mtoto kuchelewa kusema ni kosa la mzazi asiyeongea nae?

Kidumu: Wakuu, wa kwangu ana miaka miwili na maneno hayafiki kumi. Wifi yangu anasema ni sisi, tukirudi kazini kila mtu na simu yake, mtoto kaachiwa katuni. Ni kweli usipopiga nae stori ndo anachelewa?

mzee_wa_kahawa: Wifi yuko sahihi. Kuna watafiti Hart na Risley, Marekani, 1995, walifatilia familia za Kansas wakapiga hesabu kwamba mtoto wa maskini anafika miaka minne kasikia maneno pungufu milioni 30 kuliko wa wenye nazo. Na katuni haisaidii, mtafiti Patricia Kuhl 2003 aliwasikilizisha watoto wa miezi 9 Kichina, waliokaa na mtu wakashika sauti zake, waliowekewa video patupu. Shida uswahilini mtoto anafokewa tu, haongeleshwi.

BintiMbagala: Uswahilini ndo wapi mzee? Familia zenyewe za hao Hart na Risley zilikuwa 42, maskini kabisa 6, ndo unatuhukumu wote? 2018 wakaja watafiti wengine wakahesabu na maneno ya bibi na ndugu wanaokaa humo ndani, lile pengo hawakuliona. Sisi tuko wapangaji saba uani, mwanangu kasema "zamu" kabla ya "baba" maana kila asubuhi watu wanagombania zamu ya kufagia, nani alimfundisha?

FundiSaa: Hahaha zamu kabla ya baba! Huyo baba anaingia saa ngapi?

BintiMbagala: Anaingia saa nne usiku, yuko dukani Kariakoo. Wako wanakuita baba au anko?

mzee_wa_kahawa: Dada hasira za nini, nimesema kufokewa. "Acha", "toka", "kaa chini", sawa hayo nayo maneno, ila mtoto anajibu nini hapo?

Dulla_Gongolamboto: Baba yangu hakunisemesha mpaka nimefika darasa la saba na bado naongea mpaka nakera watu.

nesi_wa_zamu: Kidumu, mpeleke kwanza apimwe masikio. Miaka miwili maneno hayafiki kumi si jambo la kusubiri.

Kidumu: Ila nikimwita anageuka.

nesi_wa_zamu: Hata hivyo mpeleke, kugeuka sio kupimwa.

FundiSaa: Masikio yatapimwa. Mimi nataka kujua duka gani Kariakoo linafungwa saa tatu usiku.

BintiMbagala: La spea. We upo mkoa gani kwani?