Minofu ya sangara inang'ang'ania kikaangio, nifanyeje? Na mvinyo gani unaendana?

MkaziWaAreaD:
Wakuu, Jumamosi mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Mwenzangu ni mzaliwa wa Mwanza, na tangu tuhamie Dodoma hajaridhika na samaki. Nimenunua kilo moja ya minofu ya sangara ya kugandishwa, na chupa ya mvinyo mweupe wa hapahapa, wa zabibu za Chenin Blanc. Mara ya mwisho minofu iling'ang'ania kikaangio, kugeuza ikavunjikavunjika. Mke wangu alikula kimya, na ukimya ule uliniuma. Safari hii nataka nimwekee kipande kizima. Nisaidieni.

JikoKirumba:
Hongera kaka. Nimekaanga sangara jikoni hotelini miaka 14. Adui yako ni maji. Mnofu ukiingia kwenye mafuta umelowa, unachemka badala ya kukaangika, na nyama inanata.

Ijumaa usiku utoe kwenye friza, uuweke kwenye sahani ndani ya friji, rafu ya chini, uyeyuke taratibu. Jumamosi kata vipande vya unene wa vidole viwili, tia chumvi, subiri dakika 15. Utaona vinatoa jasho. Futa kwa kitambaa kikavu, gandamiza mpaka kitambaa kisilowe tena. Nyunyiza pilipili manga, paka unga wa ngano kidogo, kung'uta.

Kikaangio kipate moto kwanza, ndipo mafuta. Gusisha ncha ya mnofu: isipochachatika, ngoja. Ukishalaza kipande, toa mkono! Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanachokoachokoa na mwiko. Baada ya dakika 4 hivi kingo zimekuwa nyeupe na chini pameshika rangi ya dhahabu. Tikisa kikaangio, kipande kitateleza chenyewe. Kikigoma, kiongezee dakika moja. Geuza mara moja tu, tia kijiko cha siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, uwe unachota siagi ile na kummwagia samaki dakika 2 au 3.

Mtoe samaki. Mimina nusu glasi ya mvinyo uleule, kwangua ukoko wa chini, uchemke upungue nusu, kamulia ndimu. Huo ndio mchuzi wako.

Sangara ana mafuta, anapenda mvinyo wenye uchachu, kwa hiyo Chenin Blanc umepatia. Ila soma chupa: uwe mkavu, yaani usio na utamu. Mtamu ukiupunguza motoni unakuwa kama sharubati. Ukae friji saa mbili kabla ya kula.

MpendaZabibu:
Naunga mkono. Niongeze: kachumbari ya siki na pilipili kali uiache siku hiyo. Siki inaua ladha ya mvinyo, na pilipili inaufanya uwashe kooni. Viazi vya kuchemsha na mchicha vinatosha.

BintiTanga:
Kwetu mvinyo hatutumii. Mimi ukoko nautoa kwa supu ya kichwa cha samaki, kikombe kidogo, na ndimu mbili. Changu au chewa nawakaanga hivyohivyo, na ngozi yao, upande wa ngozi ukianza. Mezani maji ya ndimu yenye tangawizi, baridi sana.

MkaziWaAreaD:
Asanteni sana. Dada wa Kirumba, nimeisoma chupa sasa hivi: ni mtamu. Kesho asubuhi narudi dukani kubadilisha, na kitambaa cha kufutia nimeshakifua.