Ni nini kinachofanya tukio moja la filamu au gemu litushike kuliko mengine?

Mtazamaji wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba tulijadili jambo ambalo mimi na watu wa nyumbani tumelibishania mara nyingi bila kufikia muafaka. Katika kila filamu nzuri huwa kuna dakika chache ambazo sebule nzima hunyamaza, aliyeshika simu huiweka kando, na hata mtoto aliyekuwa akiomba maji hungoja. Aghalabu dakika hizo si za mapigano. Katika Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 ambayo wazee wetu hapa Mombasa waliitazama sinema na sisi tukairithi kwa kanda na disiki, risasi hupigwa nyingi mno, lakini tukio linalotushika ni lile la shali kumwanguka mabegani Thakur, yule mzee aliyekuwa afisa wa polisi, tukaona kwamba hana mikono.

Ndugu yangu mdogo, ambaye hucheza gemu, anashikilia kwamba gemu zina matukio yenye nguvu kuliko hilo. Mimi nikikaa kando yake nikitazama, sioni ila mtu anayekimbia na kuruka. Basi nauliza: nguvu hiyo hutoka wapi? Tafadhali msinijibu kwamba ni muziki au umahiri wa mwigizaji peke yake, kwa sababu muziki mzuri na waigizaji mahiri wamo pia katika matukio ambayo tumekwisha kuyasahau. Na je, kinachomshika mtazamaji wa filamu ndicho kinachomshika mchezaji wa gemu, au ni vitu viwili mbalimbali?

Mwalimu wa Fasihi, Likoni

Wa aleikum salaam. Mfano ulioutoa una sehemu kubwa ya jibu ndani yake, kwa hiyo hebu turudi nyuma kidogo kabla ya tukio la shali. Jambazi Gabbar Singh na genge lake wanakivamia kijiji siku ya sherehe ya Holi, Veeru na Jai, vijana wawili ambao Thakur amewakodi wapambane naye, wamebanwa, bunduki iko chini karibu na Thakur, naye hainami kuiokota ili awarushie. Baadaye wanamkabili kwa hasira wakitaka kujua sababu. Hapo mtunzi amelitamka swali kwa vinywa vya wahusika wenyewe, na kila mtazamaji analibeba. Ndipo inapokuja mbinu rejeshi ndefu, yaani kisa kinarudi nyuma kutuonyesha yaliyopita: Thakur akiwa afisa wa polisi, Gabbar kukamatwa, Gabbar kutoroka gerezani, familia ya Thakur kuuawa, na mwisho Thakur mwenyewe amefungwa mikono huku na huku, Gabbar amesimama mbele yake na panga. Panga zinashuka, lakini hatuonyeshwi mikono ikikatwa. Tunarudishwa kwa Thakur wa sasa, na shali inaanguka. Swali limejibiwa kwa picha, na picha hiyo inatulazimisha kuyafikiria upya yote tuliyoyaona tangu mwanzo: jinsi mzee huyu alivyosimama, jinsi alivyojifunika, kwa nini alihitaji kukodi mikono ya watu wengine.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliwahi kulieleza jambo hili vizuri sana katika mahojiano yake na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Alisema, kwa muhtasari, kwamba watu wakiwa wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na bomu lililofichwa chini ya meza likalipuka ghafla, mtazamaji atapata sekunde 15 za mshtuko. Lakini mtazamaji huyo akionyeshwa bomu likitegwa, akajua kwamba litalipuka saa saba, kisha akaona saa ya ukutani ikionyesha saa saba kasorobo, mazungumzo yale yale ya kawaida yatampa dakika 15 za taharuki, na moyoni atatamani kuwapigia kelele waache porojo waondoke. Maneno ya wahusika hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nani anajua nini, na amejua tangu lini, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye nguvu unayoiulizia.

Mhariri wa Video, Bondeni

Nakubaliana na mwalimu, ila ameeleza upande wa mtunga kisa, na mimi nataka kuongeza upande wa anayekata na kuunganisha picha. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tukio hujengwa na kile kinachotangulia na kile kinachofuata.

Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote bayana, akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, halafu na ya mtoto aliyelala ndani ya jeneza, halafu na ya mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, kisha huzuni, kisha tamaa, ilhali uso ulikuwa ule ule. Hisia waliileta wao wenyewe. Ndiyo maana mimi, kabla ya kumwonyesha bibi harusi akiingia ukumbini, huweka kwanza nyuso za mama na mashangazi wakiutazama mlango. Mtazamaji akiona nyuso zile huanza kumtafuta bibi harusi kabla hajatokea, na akitokea huwa amekwisha kungojewa.

Mfano mwingine ni Jaws, ambayo pia ni ya mwaka 1975. Steven Spielberg alitengenezewa papa wa mitambo, lakini mitambo hiyo iliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikambidi amfiche mnyama ambaye filamu nzima inamhusu. Badala yake alituonyesha maji yenyewe, miguu ya waogeleaji ikitazamwa kutoka chini, mapipa ya manjano yakivutwa juu ya bahari, na muziki wa John Williams unaoanza kwa noti mbili tu. Papa haonekani waziwazi mpaka zaidi ya saa nzima ipite. Sisi tuliozaliwa pwani hatuhitaji kuelezwa kwa nini hilo linafanya kazi, kwa kuwa kila aliyeogelea mbali kidogo na ufuo anajua hofu ya kisichoonekana chini yake. Ningependa waongozaji wetu wachanga walizingatie hili, kwa maana nyingi ya kazi ninazoziona huonyesha kila kitu mapema, na mtazamaji hubaki hana la kufanya.

Mchezaji wa Kisauni

Ndugu wa Tudor, mdogo wako ana haki. Naomba yeyote ambaye hajacheza Brothers: A Tale of Two Sons na anakusudia kuicheza aruke aya inayofuata, kwa sababu nitaufichua mwisho wake.

Gemu hiyo ilitoka mwaka 2013 chini ya uongozi wa Josef Fares. Ndugu wawili wanasafiri kutafuta maji ya mti wa uzima ili wamponye baba yao. Mchezaji huwaongoza wote wawili kwa pamoja: kijiti cha kushoto cha padi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, na kitufe chake ni vya kaka mkubwa, kijiti cha kulia na kitufe chake ni vya mdogo. Mdogo anaogopa maji, kwa kuwa mama yao alizama baharini, kwa hiyo kila penye maji hung'ang'ania mgongo wa kaka yake. Karibu na mwisho kaka mkubwa anafariki. Mkono wako wa kushoto unabaki hauna kazi, nawe unauhisi uzito wake. Kisha mdogo anafika kwenye maji, yuko peke yake, anakataa kuingia. Hakuna maelekezo yanayoandikwa kwenye skrini. Unajaribu upande wa kulia, hakuna linalotokea, mpaka unabonyeza kile kitufe cha kaka aliyekufa, na mtoto anaanza kuogelea.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mwalimu. Ile siyo taharuki ya bomu, wala si mshtuko. Mtunzi amevizoeza vidole vyangu kwa saa kadhaa, kisha akayatumia mazoea hayo kusema kwamba nguvu za kaka zimo ndani ya mdogo wake. Anayetazama kando haoni ila mtoto anaogelea, kwa sababu vidole vyake havikuzoezwa chochote. Vivyo hivyo katika Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, ambamo kuna majitu 16 ya kuuawa katika nchi tupu isiyo na maadui wengine: kila jitu likianguka muziki hugeuka kuwa wa huzuni badala ya kushangilia, na mchezaji huanza kujiuliza kama anafanya haki. Katika filamu ningemlaumu mhusika. Katika gemu aliyelichoma jitu lile upanga ni mimi.

Mtazamaji wa Tudor

Nawashukuru sana, hasa mchezaji, kwa kuwa sasa naelewa kwa nini nilikuwa sioni kitu. Limebaki moja. Ikiwa yote yanategemea kujua na kutojua, mbona Sholay inatushika hata sasa, ilhali kila mtu nyumbani anajua Thakur hana mikono? Na mnasemaje kuhusu filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng, kama anavyofanya DJ Afro, ambapo msimulizi huzungumza juu ya picha na wakati mwingine hutwambia litakalotokea?

Mwalimu wa Fasihi, Likoni

Kwa swali la kwanza, tumia mfano ule ule wa meza. Mara ya kwanza ulipotazama uvamizi wa siku ya Holi ulikuwa kama wale walioketi mezani, hujui kitu. Mara ya pili unajua bomu liko wapi. Bunduki ikilala pale chini macho yako hayafuati tena risasi, yanaitazama shali, na lawama za vijana wale zinakuumiza kwa sababu unajua jibu nao hawalijui. Filamu iliyokupa fumbo sasa inakupa kinaya. Ile isiyostahimili kutazamwa tena ni ile iliyokuwa na mshtuko peke yake.

Mhariri wa Video, Bondeni

Kuhusu wasimulizi, mimi nawaheshimu. Watambaji wa ngano walitaja mwisho wa shujaa mapema na bado watu walikesha wakiwasikiliza, kwa hiyo kutwambia litakalotokea si lazima kuharibu. Kinachopotea ni ukimya. Tukio la shali limejengwa juu ya kutosema, na hapo msimulizi hodari hana budi kujua pa kunyamaza.

Mchezaji wa Kisauni

Na wewe ndugu wa Tudor, usimwombe mdogo wako akuonyeshe tukio la maji peke yake. Gemu ile huisha kwa saa tatu au nne hivi. Shika padi mwenyewe tangu mwanzo, yeye akae kando, na asikwambie kitufe cha kubonyeza hata ukikwama.