Ulinganisho: mada ya mageuko kidato cha nne, njia tatu zinazopendekezwa, na ruzuku ya serikali ilipie nini (Moshi/Arusha)

Mjumbe_Kibosho
Wakuu, salaam. Mada ya mageuko ya viumbe (wengi shuleni wanaiita evolusheni) inapokaribia kidato cha nne, bodi za shule za kata hupelekewa hoja ileile na wazazi, kwamba inapingana na mafundisho ya uumbaji. Njia zinazotajwa ni tatu:

1. Baiolojia ifundishwe kama muhtasari wa somo unavyosema, uumbaji ufundishwe kwenye kipindi cha dini.
2. Mwalimu wa Baiolojia afundishe yote mawili, mwanafunzi achague.
3. Wanafunzi wapewe noti wasome wenyewe, mwalimu aendelee na mada nyingine.

Kuna na swali la fedha. Zikinunuliwa nakala 40 za kitabu cha uumbaji kwa ruzuku, kuna tatizo? Naomba wanaojua kazi hii wachambue.

Mwl_Majengo
Mjumbe, njia ya 3 itoke mezani mapema. Mada inatahiniwa, na mwanafunzi aliyesoma noti peke yake huanguka mahali palepale: twiga. Vitabu vinamtumia twiga kueleza nadharia mbili za mageuko, ya Lamarck na ya Darwin. Asiyefundishwa anaandika kwamba twiga alijinyoosha hadi shingo ikarefuka, watoto wakarithi, kisha anamalizia "hii ni nadharia ya Darwin". Hiyo ni Lamarck. Kwa Darwin, twiga walizaliwa na shingo zinazotofautiana tangu mwanzo; wenye shingo ndefu wakapata chakula zaidi, wakazaa zaidi. Tofauti hiyo haikai kichwani kwa kunakili ubaoni.

Halafu kuruka mada kwenye Baiolojia hakuiondoi shuleni. Somo la Historia limekuwa likifundisha mageuko ya binadamu tangu kidato cha kwanza.

Njia ya 2 ina sura ya haki, ila tazameni darasa lenyewe. Moshi darasa moja lina Wakatoliki, Walutheri, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu. Mwalimu wa Baiolojia afundishe uumbaji wa nani? Siku sita za saa 24, au siku zenye maana nyingine? Akichagua, mtumishi wa serikali ameamua suala la imani kwa niaba ya watoto wa watu. Na akitunga jaribio la mwezi, atasahihishaje imani?

Kuna jambo dogo linalochanganya wengi. Noti nyingi za kidato cha nne huanza na orodha ya nadharia za asili ya uhai, na uumbaji maalumu umo. Hapo mwalimu autaje, aseme ni maelezo ya kiimani yasiyopimwa maabara, aendelee. Pia aseme wazi kwamba uhai wa kwanza ulitoka wapi ni swali moja, na viumbe waliopo hubadilikaje kizazi hadi kizazi ni swali jingine. Asipovitenganisha, darasa zima linabishana juu ya la kwanza na la pili halifundishwi.

Mama_Njiro
Nawasoma, ila naomba nieleweke. Kodi inayolipa ruzuku inatoka kwa waumini pia. Iweje fedha yangu inunue kitabu kinachopingana na ninachomfundisha mwanangu nyumbani, na kitabu cha imani yangu kikataliwe? Huo si usawa.

Kasma_na_Vocha
Mama Njiro, heshima yako. Hoja yako ni nzito, haifai kupuuzwa.

Katiba, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo fedha ya umma hulipia huduma anayoihitaji kila mtoto, yeyote awaye mzazi wake. Tazama KCMC hapo Moshi: hospitali ina mizizi ya kanisa, na serikali inachangia mishahara ya watumishi kwa sababu wodi inapokea kila mgonjwa. Kinacholipiwa ni tiba.

Sasa vitabu 40. Chini ya utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ya serikali ilipangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu ikitengwa kwa vitabu. Shule yenye wanafunzi 400 inabaki na 12,500 × 400, yaani milioni 5 za mwaka mzima: chaki, karatasi, mitihani ya ndani, kemikali, ukarabati mdogo. Kitabu kisicho kwenye muhtasari wa somo kikinunuliwa humo, mkaguzi atauliza kimelipwa kwa kasma (fungu la bajeti) ipi na kwa idhini ipi. Atakayejibu ni mkuu wa shule aliyesaini vocha, na mzazi aliyeomba hatakuwepo.

Njia halali ipo na ni rahisi. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, walimu wake huletwa na madhehebu, na vitabu vyake vinatoka hukohuko. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia hutahiniwa kidato cha nne. Parokia, usharika au msikiti ukitaka kutoa nakala 40, zipokelewe kwa barua, ziandikwe kwenye leja ya vifaa kama msaada, zitumike kwenye kipindi hicho.

Kwa shule za taasisi za dini hali ni tofauti, kwa kuwa hazipokei ruzuku hiyo. Ada ndiyo inayoziendesha. Lakini mtihani ni uleule wa NECTA na mdhibiti ubora ni yuleyule.

Wakili_Sakina
Niongeze mfano wa njia ya 2 ilipofika mahakamani, kwa tahadhari kwamba sheria za Marekani si zetu. Oktoba 2004, bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, iliamua wanafunzi wa Baiolojia wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba upo "usanifu wenye akili" (viumbe vilibuniwa na mwenye akili) kama maelezo mbadala. Kitabu cha maelezo hayo kiliwekwa maktaba, tena kilikuwa cha msaada. Wazazi 11 walishtaki. Tarehe 20 Desemba 2005, Jaji John E. Jones III aliandika hukumu ya kurasa 139 akisema jambo hilo ni dini, halina sifa ya sayansi. Wilaya ikakubali kulipa dola 1,000,011 za gharama za mawakili na fidia ya walalamikaji. Fedha ya shule hiyo. Tamko lenyewe lilikuwa aya nne tu.

Uingereza nao, ambako serikali hugharamia shule nyingi za kanisa, mwaka 2014 waliweka kwenye mikataba ya fedha za shule zinazojiendesha kwamba uumbaji usifundishwe kama sayansi. Kwenye somo la dini unaruhusiwa.

Mwinjilisti_Machame
Nasema kwa upande wa wanaofundisha dini: njia ya 1 inatulinda na sisi. Mwanzo sura ya kwanza ikiingizwa maabara, mtoto ataipima kama anavyopima wanga kwa iodini, na hilo silo andiko linaloliomba. Papa Yohane Paulo II, Oktoba 1996, aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya dhana tu, akashikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu. Wapo ndugu zetu wasiokubali hilo, nao wana haki ya kulieleza kwenye kipindi chao. Tunachohitaji ni kipindi cha dini kisiliwe na mitihani ya majaribio, kama kinavyoliwa kila muhula wa pili.

Mjumbe_Kibosho
Asanteni. Tuseme ni njia ya 1. Mwalimu anafundishaje bila vifaa? Maabara za kata mnazijua.

Mwl_Majengo
Zoezi la kwanza ni maharage, pindi mbili mfululizo, dakika 80. Makundi matano. Nusu kilo ya maharage mekundu na nusu kilo ya meupe hutosha darasa zima, mradi punje zilingane ukubwa. Kila kundi litandike kitambaa chekundu cha mita moja kwa moja, limwage punje 50 nyekundu na 50 nyeupe. Wanafunzi watano ni ndege: kila mmoja aokote 10, moja moja, huku akirudisha mkono mgongoni kabla ya kuokota nyingine. Zinabaki 50. Zihesabiwe kwa rangi, kila iliyobaki iongezewe mwenzake wa rangi yake, zirudi 100. Vizazi vinne, kila kizazi mstari wake kwenye jedwali.

Yanayoharibika: wakizoa kwa kiganja, rangi haina kazi tena na jedwali halionyeshi kitu. Punje nyeupe zikiwa kubwa, hujui kilichochagua ni rangi au ukubwa. Kitambaa cheupe kikitumika, matokeo yanageuka, na hilo lifanywe makusudi na kundi moja ili walinganishe.

Kosa kubwa linakuja kwenye hitimisho. Mwanafunzi ataandika "maharage yalijigeuza yakawa mekundu". Mwalimu amuulize: onyesha punje iliyobadilika. Hakuna. Kilichobadilika ni uwiano ndani ya kundi. Hapo ndipo mada yote ilipo, hata kipindi kikiisha msiondoke hapo.

Kisha mwalimu aunganishe na klorokwini. Vimelea vya malaria vilivyoweza kuistahimili vilibaki na kuzaliana, hadi nchi ikahamia dawa ya SP mwaka 2001, na baadaye dawa mseto, ALu, mwaka 2006. Mzazi aliyemeza klorokwini utotoni anaelewa bila ugomvi.

Kamba_ya_Katani
Zoezi la pili ni kamba ya mita 46 uwanjani, sentimita moja ikiwa miaka milioni moja. Mwanzo wa kamba ni dunia kuundwa, mwisho ni leo. Mkipima kutoka leo kurudi nyuma: uhai wa zamani kabisa, takriban mita 35. Dinosaria wa Tendaguru, Lindi, mita 1.5. Nyayo za zamadamu za Laetoli, sentimita 3.7. Shira, sehemu kongwe ya Kilimanjaro, kama sentimita 2.5. Zinjanthropus, zamadamu wa Olduvai aliyepatikana Julai 1959, sentimita 1.75. Binadamu wa aina yetu, milimita 3.

Kamba ya katani hurefuka ikivutwa, basi ipimwe ikiwa imelazwa chini. Alama ziwe vitambaa vya rangi, karatasi hupeperuka.

Mama_Njiro
Nimewaelewa kuhusu vitabu na kasma. Bado nataka kipindi cha dini kilindwe kwa maandishi kwenye ratiba. Safari je? Olduvai ni gharama.

Kamba_ya_Katani
Mama, Olduvai ni karibu kilomita 200 kutoka Arusha, na mkitokea Moshi ongezeni kama 80. Kwenda na kurudi siku moja wanafunzi wanafika wamechoka, na kuna tozo za hifadhi ya Ngorongoro juu ya nauli. Kwa shule ya kata anzieni Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la Mjerumani pale Arusha mjini, ambako mageuko ya binadamu yameonyeshwa. Barua ya shule iende mapema, ikitaja idadi ya wanafunzi, walimu na mada. Waingie 20 kwa zamu, kila mmoja na karatasi yenye maswali matano, maana kundi la 60 likiingia pamoja walio nyuma hawaoni kitu.