Nairobi hadi New York ni masaa mangapi haswa? Tiketi inanichanganya

Binti_Kitui
Habari zenu jameni, naomba msaada. Mamangu anasafiri Januari kuenda kumwona mjukuu, ni ndege ya moja kwa moja JKIA hadi JFK na hajawahi kupanda ndege. Tiketi inasema anatoka saa tano na nusu usiku anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikahesabu nikapata masaa saba, alafu kalkuleta za mtandaoni zinasema kilometa 11,800 na masaa 14. Nimwambie ajipange na ngapi? Ana presha na dawa anameza kwa saa.

Msafiri254
Dada masaa saba hata Amsterdam hujafika. Tiketi huandikwa saa za kila mji, ya kutoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na Januari wako nyuma yetu masaa 8. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kule huku ni saa nane na nusu mchana, kwa hivyo mama atakaa angani masaa 15. Ingekuwa Julai tofauti ni 7.

Rubani_mtarajiwa
Kalkuleta iko sawa kwa umbali, shida inagawanya tu kilometa kwa mwendo mmoja, upepo haihesabu. Huko juu kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya baridi ya kule ndio unazidi, sasa kwenda ndege inapambana nao na kurudi unaisukuma, ndio maana kurudi huwa kama masaa 14 hivi. Alafu JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na ndege imebeba mafuta ya safari yote hiyo, kwa hivyo kuruka usiku kukiwa na ubaridi inasaidia sana kunyanyua huo mzigo.

MamaPili
Mwanangu mwambie mapema kwamba hataona jua. Anatoka usiku, ndege inaelekea magharibi, Sahara yote anaivuka gizani na Atlantiki pia, na New York Januari jua linachomoza saa moja na kitu. Mtu mzima akiamka mara ya tatu bado ni giza anaweza kushikwa na wasiwasi bure. Avae saa ya mkono na aiache na saa za Nairobi mpaka atue, dawa atazifuata kwa hiyo, za kule daktari wake ampangie kabla hajaondoka. Dawa ziwe kwa mkoba anaoshika, sio kwa sanduku. Na mchukulie kiti cha kando ya njia, ainuke ainuke, miguu hufura.

Binti_Kitui
Asante sana mama, asanteni wote. Hiyo ya giza singewaza kabisa, namwambia leo jioni. Kiti walikuwa wamempa cha dirishani, wacha nipige simu kibadilishwe.