Ameacha muguka, lakini kujitapisha kumezidi: ni uraibu mpya?

Bint Kisauni: Assalaam alaykum. Mdogo wangu mwenye umri wa miaka 22 alikuwa akishinda na njaa huku akitafuna muguka (majani ya kuchangamsha, jamii ya miraa), kisha usiku hula kwa siri chakula kingi mno na kujitapisha. Tulimpeleka kituo cha kurekebisha tabia, akaacha muguka. Lakini tangu hapo kula na kujitapisha kumezidi. Je, ametoka uraibu mmoja akaingia mwingine?

Mnasihi wa Pwani: Waalaykum salaam, dada. Naona tatizo ni lilelile la zamani, ila sasa limekosa kizuizi chake, kwa sababu muguka una kathinoni, kemikali ya jamii ya amfetamini inayokata hamu ya kula. Bulimia, yaani hali hii ya kula kwa pupa kisha kujitapisha, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza mwaka 1979, huambatana na pombe na dawa za kulevya kuliko ile hali ya kujinyima chakula tu. Sababu moja kubwa ni kwamba kula kwa pupa na kulewa humtuliza mtu kwa muda mfupi asihisi wasiwasi au upweke, kisha humwachia aibu inayomrudisha palepale.

Njaa nayo ina sehemu yake. Katika jaribio la njaa la Minnesota, Marekani, la 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya njema walipopunguziwa chakula kwa takriban miezi 6, fikra zao zilitawaliwa na chakula, na baadhi yao waliporuhusiwa kula walikula bila kushiba. Kwa hiyo tafadhali, asiambiwe kwamba hana nia.

Mzee Salim: Nakubaliana nawe, ila neno uraibu lisitupoteze. Pombe huachwa kabisa, chakula hakiachwi, na kumpiga marufuku baadhi ya vyakula humrudisha kwenye njaa inayochochea pupa. Kinachofaa ni milo ya saa zinazojulikana, pamoja na tiba ya mazungumzo inayoshughulikia ulaji na uraibu kwa wakati mmoja. Kwanza kabisa apimwe madini ya potasiamu katika damu hospitalini, maana kutapika mara kwa mara huishusha na kuvuruga mapigo ya moyo.

Bint Kisauni: Shukran sana. Kule kituoni hakuulizwa lolote kuhusu chakula. Nimwanzieje bila kumwaibisha?

Mnasihi wa Pwani: Zungumza naye mkiwa wawili tu, wala si wakati wa kula. Usitaje uzito wala umbo lake. Mweleze ulichokiona, mwambie unamhofia, na ujitolee kwenda naye hospitalini.