Masasi: modemu ikipiga upya, fayawoli ya pf inawanyima wateja intaneti

Mkorosho: Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Masasi, kompyuta za wateja ziko nyuma ya boksi la zamani (kompyuta inayogawa intaneti) lenye mfumo endeshi wa FreeBSD. Modemu ni ya USB, programu ya ppp inapiga *99#, kiolesura (mlango wa boksi kwenda intaneti) ni tun0, fayawoli ni pf. Laini ikikatika au umeme ukizingua, modemu inapiga upya bila shida na boksi lenyewe linapata intaneti. Ila kompyuta za wateja hola, mpaka niandike pfctl -f /etc/pf.conf kwa mkono, yaani kupakia upya kanuni za pf. Vijana wa maombi ya mikopo wamejaa na mimi sishindi dukani. Mstari wa nat (unaozipa pakiti za wateja anwani ya tun0 zikitoka):

nat on tun0 from 192.168.10.0/24 to any -> tun0

Natanguliza shukrani.

Kitangari Boy: Piga chini hilo dude mkuu, nunua rauta.

Mkorosho: Rauta ilikuwepo. Masasisho ya Windows yalikuwa yanamaliza bando kabla ya saa nne asubuhi. Pf ndiyo inayazuia.

Fundi wa Mikindani: Usiguse kitu kwanza. Laini ikirudi, andika pfctl -s nat, kisha ifconfig tun0, ulinganishe namba za anwani ya IP. Mtandao wa simu unaweza kukupa anwani mpya kila unapounganishwa, lakini pf inasoma anwani ya tun0 mara moja tu, pale kanuni zinapopakiwa. Pakiti za wateja zinatoka na anwani ambayo si yako tena, majibu yatarudi wapi? Boksi linapeta kwa sababu halipiti kwenye nat. Weka mabano:

nat on tun0 from 192.168.10.0/24 to any -> (tun0)

Hapo pf itafuata anwani kila inapobadilika. Popote ulipoandika "to tun0" fanya hivyohivyo. "on tun0" iache, hicho ni kiolesura.

Bi Nachingwea: Fundi kasema kweli. Naongezea la umeme: boksi likiwaka, pf inaanza kabla ppp haijapiga. Bila mabano italalamika "no IP address found for tun0" na kanuni zote zinagoma kupakiwa. Hapo pfctl -s nat itatoka tupu. Kibaya zaidi, pf isiyo na kanuni inapitisha kila kitu, kwa hiyo unakaa wazi kabisa huku ukidhani umejifungia.

Mkorosho: Dada, kumbe! Nimeweka mabano, nikachomoa modemu makusudi, ikapiga upya. Kompyuta zote zimepata, isipokuwa moja iliyokuwa inashusha faili, hilo limeganda.

Bi Nachingwea: Hilo faili lianze upya tu, muunganisho wake ulikuwa umeshikamana na anwani ya zamani. Ili mabaki ya miunganisho ya zamani yafutwe yenyewe, weka kwenye /etc/ppp/ppp.linkup (faili ambalo ppp hulisoma laini ikiunganishwa), mstari wa pili uanze na nafasi:

MYADDR:
 !bg /sbin/pfctl -F states

Kitangari Boy: Mimi bado nasema rauta.