Aliyebonyeza "Delete account and data" asiguse tena kompyuta ya mtu

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "niachie dakika tano". Leo kahamishia faili za mtu kwenye akaunti mpya ya Windows, kisha akabonyeza Delete account and data kabla hajaifungua hiyo mpya aone kama kitu kimefika. Kabla hajaangalia! Halafu anauliza: "Kwani zilikuwa na umuhimu?"

Ukifutia akaunti kwenye Settings, folda yake yote ndani ya C:\Users inaondoka, na haipitii pipa la taka. Kwenye Control Panel walau unaulizwa Keep Files au Delete Files. Ukichagua Keep unawekewa Desktop, Documents, picha, muziki na video. Downloads na AppData (folda ya data na mipangilio ya programu) hazimo. Na diski yenyewe ni SSD. TRIM, yaani diski kusafisha nafasi za faili zilizofutwa, ikishapita, programu ya kufufua faili inafufua hewa tupu. "Kwani zilikuwa na umuhimu?" Jamani!

Kazi hii hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza: ingia kwa akaunti ya msimamizi, nakili, USIKATE, fungua Properties pande zote mbili ulinganishe idadi ya faili na ukubwa, iache akaunti ya zamani wiki mbili. Yeye hakuangalia hata folda moja. Moja!

Kebo_Nyeusi: Punguza kelele mkuu. Nakala kwenye diski ya nje iko wapi? Haipo? Basi na wewe umo.

MamaSeva: Huyo afadhali. Kuna wanaobeba folda nzima pamoja na NTUSER.DAT na kuibandika juu ya akaunti mpya. Ile ni rejista (mipangilio ya Windows) ya mtumiaji wa zamani, ina ruhusa zake. Ukiingia unapewa profaili ya muda, na ukitoka kila ulichohifadhi humo kimekwenda. Hao ndio wa kufungiwa!

Bwana Tabo: Na wanaotumia robocopy, ile amri ya Windows ya kunakili, bila /XJ ya kuruka viungo vya folda? Ndani ya AppData\Local kuna kiungo cha Application Data kinachojirudia chenyewe, inanakili folda ndani ya folda mpaka kiyama. Wekeni na /R:1 /W:1, ijaribu tena mara moja na isubiri sekunde moja, maana bila hizo faili ikigoma inajaribu tena mara 1,000,000, kila mara inasubiri sekunde 30.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. ALIBONYEZA KABLA HAJAANGALIA.

Kebo_Nyeusi: Tumesikia. Bwana Tabo, mbona nimehamisha folda ya Chrome na nywila hazifunguki?

Bwana Tabo: Zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya zamani ya Windows. Rudi kule, zitoe kwa faili la CSV, ziingize kwenye akaunti mpya.

MamaSeva: Na hiyo CSV uifute papo hapo, nywila zote zimo kwa maandishi wazi. Kuna mtu huiacha Desktop, na yeye mnamjua. Ngojeni nifungue uzi wake.